Mhadhara Umefika Hale, Chuo Je?

Msafiri atokaye Segera kwenda Tanga hupita Hale bila kujua kuwa amepita mahali pakubwa. Huona mkonge kulia na kushoto, maduka machache kando ya barabara, reli ya zamani, na akikaza macho huona nguzo za chuma zilizobeba nyaya nene kuelekea mbali. Nyaya hizo zatoka katika mtambo wa umeme wa Mto Pangani ulioanza kazi mwaka 1964, mtambo wenye uwezo wa megawati 21, ambao katika miaka yake ya mwanzo ulitegemewa sana na miji ya pwani. Mimi nilikulia chini ya nyaya hizo, katika kambi moja ya mkonge, na kusoma nilijifunza kwa mwanga wa koroboi. Umeme ulipita juu ya paa letu usiku na mchana ukienda Tanga na Dar es Salaam, nasi tulisikia mvumo wake, hasa siku za manyunyu.

Sisemi haya ili nionewe huruma, wala siwalaumu waliojenga mtambo. Waya mkubwa namna ile hauwezi kuingia nyumbani kwa mtu kama ulivyo. Sharti pawepo transfoma ya kuipunguza nguvu yake, na nguzo ndogo, na fundi wa kuuleta mlangoni. Hayo yote ni gharama, na gharama hiyo ilichelewa. Nayasema kwa kuwa nimeliona jambo lile lile likirudi kwa sura nyingine, na mara hii kipitacho juu ya paa la Hale ni elimu ya juu.

Mwaka jana nilihudhuria kikao cha wahadhiri katika chuo ambacho sitakitaja. Ilitolewa hoja kwamba vikao vya ana kwa ana vya wanafunzi wa masafa, ambavyo hufanyika mara chache kwa mwaka katika miji ya mikoani, vifutwe kabisa. Mtoa hoja, mtu mwenye maneno laini, alisema kwamba mihadhara yote sasa imerekodiwa na kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo haina maana kulipa nauli za wahadhiri na kodi za madarasa. Kisha, akitafuta mfano wa mahali pa mbali pasipojulikana, akasema: "Leo mhadhara wafika hata Hale." Watu wakacheka kidogo. Hakujua kuwa nyuma yake ameketi mtu wa Hale.

Siku ile sikujibu vema, maana hasira haina mantiki. Najibu leo.

Kwanza nisidhaniwe kuwa mpinzani wa elimu ya masafa. Kabla Bunge halijapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, mwalimu wa shule ya msingi wa Hale aliyetamani shahada alikuwa na njia moja: aache kazi, aache watoto, aende akaishi katika bweni la mji wa mbali, kama angepata nafasi, na nafasi zilikuwa chache mno. Chuo kile kilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 1994 kilifungua mlango ambao wengi walikuwa wameukatia tamaa. Wapo wenzetu wenye majoho ambao hata sasa hutaja shahada za masafa kwa midomo iliyopinda. Hao siwaungi mkono hata kidogo. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kwa njia ya posta kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 akiwa angali mfungwa, wala sijamsikia mtu akiikunjia uso shahada ile.

Mtandao nao nimeutumia na kuusifu. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, sisi tuliokuwa tukingoja ukurasa mmoja ufunguke kwa muda wa kuchemsha maharage tulijiona kama watu waliotolewa kifungoni. Makala ambazo walimu wetu walizisafiria Nairobi na London, mwanafunzi wa leo huzipata akiwa amekaa juu ya mkeka. Mtu akatazaye neema hiyo hana akili timamu.

Ubishi wangu ni juu ya neno moja dogo, "kufika". Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Hakikuwa na mlima, wala maktaba ya fahari, wala ukumbi wa Nkrumah. Kilikuwa na watu waliokaa pamoja wakaulizana. Aliyekosea alisahihishwa pale pale, na aliyesahihisha naye alibishiwa. Hicho ndicho kiini cha chuo. Majengo ya Mlimani yalikuja baadaye. Sasa chukua maneno ya mhadhiri, uyatenge na kuulizana, uyapeleke Hale katika kioo cha simu, kisha useme chuo kimefika. Kilichofika ni sauti.

Tena sauti yenyewe ni ya Kiingereza. Jambo hili halitajwi katika vikao, nami kama mwalimu wa Kiswahili sina budi kulitaja. Nje ya idara zetu za Kiswahili, masomo ya vyuo vikuu vyetu hutolewa kwa Kiingereza, na kila aliyewahi kuketi katika ukumbi wa mihadhara ajua jinsi wanafunzi wetu wanavyoelewa. Mhadhiri husema sentensi yake, mwanafunzi huinama kwa jirani yake na kunong'ona, "Amesemaje?" Jirani humjibu kwa Kiswahili, kwa maneno manne au matano, na mara nyingi maneno hayo manne ni bora kuliko ya mhadhiri. Mimi mwenyewe nilivuka mwaka wa kwanza wa shahada kwa msaada wa jirani wa namna hiyo, kijana wa Kibondei aliyekuwa na kipaji cha kugeuza nadharia nzima kuwa mithali. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba yeye alikuwa mwalimu. Hakulipwa. Mtaala haukumjua. Lakini ukimwondoa, nusu ya darasa lile lisingefika mwaka wa pili.

Mwanafunzi wa Hale aliye peke yake na simu hana jirani. Anaweza kuurudia mhadhara mara kumi, ni kweli, na wapenzi wa mitambo hulisifu sana jambo hili. Basi na aurudie. Asichokielewa mara ya kwanza kwa kuwa lugha imemzidi, atakisikia vile vile mara ya kumi.

Watetezi wa hoja watasema kwamba nimetunga maneno kwa uchungu wa kizamani, na kwamba dunia nzima imekwenda upande huo. Tutazame dunia basi. Mwaka 2012 Harvard na MIT, vyuo viwili vya Marekani visivyo na upungufu wa fedha wala wa mafundi, vilianzisha edX ili kutoa masomo kwa watu wote wa ulimwengu. Palitabiriwa makubwa. Wengine walisema vyuo vya kawaida vitabaki kama magofu ya Kilwa. Januari 2019 jarida la Science lilichapa uchunguzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente juu ya takwimu za vyuo hivyo hivyo: katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, kati ya watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama 3. Haki yapasa isemwe: wengi hujiandikisha kwa udadisi tu, na kati ya waliolipia cheti karibu nusu walimaliza. Hata hivyo waliofaidi zaidi walikuwa watu wa nchi tajiri, na hayo yameandikwa katika uchunguzi ule ule.

Watu wa mkonge tuna hesabu yetu inayofanana na hiyo. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai kwenye ardhi ya Pangani ilikuwa 62. Mashamba yote ya Tanga, na Hale ikiwamo, yatokana na hiyo 62. Hapo mpinzani wangu ataruka kwa furaha na kusema, waona, hata wachache watatosha! Nami nitamwuliza: ile 62 nani aliipanda, nani aliipalilia, nani alikaa karibu nayo? Miche haikuachiwa bandarini ijisomee.

Ajabu yangu kubwa ni kwamba sisi Watanzania tumekwisha kuifanya kazi hii vizuri, tukasahau. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Chombo cha wakati ule kilikuwa redio, nacho kilifika hata Hale. Lakini waliopanga kampeni ile hawakusema kwamba kwa kuwa sauti yafika kazi imekwisha. Walifundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000 kabla ya kipindi cha kwanza kutangazwa. Wakachapa vitabu vya kusomwa. Wakaweka watu katika vikundi vijijini, na kwa muda wa majuma 12 kila kikundi kilikaa, kikasikiliza redio, kikasomewa sura ya kitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya. Walioshiriki walikadiriwa kuwa milioni 2. Watu walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakasafisha visima. Marehemu bibi yangu alishiriki, naye alikuwa akisimulia jinsi walivyobishana na kiongozi wao juu ya mbu mpaka jua likatua. Mhadhara wenyewe hakuukumbuka hata neno moja. Aliukumbuka ubishi.

Mtu na apime mwenyewe. Nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka 12 tu, yenye wasomi wachache, iliona kwamba redio bila kikundi ni kelele. Sisi wenye madaktari wa falsafa wasiohesabika tumeona kwamba mtandao bila kikundi ni chuo kikuu.

Niseme sasa habari ya fedha, maana ndipo penye siri. Hoja ya kufuta vikao ililetwa kwa jina la kubana matumizi. Hakuna matumizi yaliyobanwa. Zamani chuo kililipia ukumbi, taa, ubao, na nauli ya mhadhiri. Sasa mwanafunzi hununua simu, hununua bando, hulipia umeme wa kuichaji, na akitaka kuchapa insha yake hulipia kwa ukurasa katika duka la vifaa vya shule. Mhadhara mmoja wa picha waweza kumaliza bando la siku tatu. Ada haikushuka hata shilingi moja. Kama hilo ni kubana matumizi, basi hata anayehamisha takataka zake na kuzitupa uani kwa jirani amefanya usafi.

Na siku mtandao wenyewe unapokosekana? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya Seacom na EASSy ilikatika baharini upande wa kusini, na sehemu kubwa ya Tanzania ikabaki bila intaneti ya kutegemewa kwa siku kadhaa. Siku hizo ukumbi wa Mlimani ulikuwa mahali pake. Chuo cha simu kilikuwa hakipo Hale, wala Handeni, wala Dar es Salaam.

Nimefika sasa mahali palipoufanya moyo wangu usitulie. Nina mwanafunzi wa masafa atokaye Hale, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Nilikuwa nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kukusanya msamiati wa kazi moja wanayoijua na kueleza maana na asili ya kila neno. Yeye alichagua mkonge. Nilifurahi sana, maana msamiati wa mashamba ya mkonge ni hazina ambayo wazee wetu wanazikwa nayo. Insha ilipofika, ilikuwa safi ajabu. Aya zilipangwa kama matofali. Hapakuwa na kosa la herufi. Na katika orodha ya maneno niliona "korona", na mbele yake maelezo kwamba korona ni ugonjwa wa kuambukiza ulioanza mwaka 2019, ambao uliathiri wafanyakazi wa mashamba.

Msomaji asiyetoka kwetu nimwambie: korona, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ni mashine kubwa inayosaga majani na kuacha singa. Jina latokana na chapa ya mashine zenyewe. Wazee walikuwa wakienda korona na kurudi korona tangu zamani za ukoloni, na wapo waliopoteza vidole humo. Ugonjwa ulipoingia mwaka 2020 na vyuo vyetu vikafungwa kuanzia Machi hadi Juni mosi, watu wa Hale walifanya mzaha kwamba korona imetoka kiwandani sasa yatembea.

Nilimpigia simu. "Shikamoo Mwalimu," akasema, na sauti ikaonyesha kwamba alikuwa akingoja. Niliitikia marahaba, tukaulizana hali za watoto, kisha nikamwuliza korona ni nini. Akanyamaza. Halafu akasema polepole kwamba babu yake mzaa mama alikuwa mlisha korona kwa miaka ishirini. Nikamwuliza kwa nini basi ameandika ugonjwa. Jibu lake sitalisahau. Alisema alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe kwanza, lakini usiku ule hakuwa na mtu wa kumwuliza kama yanafaa, na siku ya mwisho ya kupokea kazi ilikuwa kesho yake, basi akaipa ile programu ya akili bandia iliyomo katika simu ikamtengenezea. Alipoiona imeandika ugonjwa alidhani kwamba chuo kikuu chataka maana hiyo, na kwamba ile ya babu ni ya kambini.

Nina wenzangu watakaosema kwamba huyo amedanganya na astahili sifuri. Kanuni zasema hivyo, nazo ni kanuni zetu wenyewe. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Tulimwondolea jirani wa kumnong'oneza, tukamwondolea mwalimu wa kumwuliza, tukamwachia chombo. Kwa nini basi twashangaa kwamba alikiuliza chombo? Na chombo kile, ambacho watu wa ulimwengu wanakihangaikia tangu mwisho wa mwaka 2022, kimejifunza kutokana na yaliyokwisha kuandikwa. Ya Hale hayajaandikwa. Yeye ndiye aliyekuwa ayaandike. Kwa neno moja hilo alikuwa anajua zaidi ya mtambo, zaidi ya kamusi nyingi, na zaidi ya wahadhiri wote waliocheka katika kile kikao, naye akaifuta elimu yake kwa kidole chake kwa kuwa hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia, "Hiyo ndiyo, iandike."

Nikiulizwa nataka nini, sitaki mengi. Sidai jengo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu ya nchi yetu, na kwa fedha za mradi huo vyuo vimekuwa vikijenga kampasi mikoani na kununua mitambo, ni heri. Hale hapahitaji hata sehemu ndogo ya hizo. Shule za sekondari zipo, na siku ya Jumamosi madarasa yake hukaa matupu. Walimu wenye shahada wapo, na kati yao wapo wanaoweza kulipwa posho ndogo ili wakae na wanafunzi wa masafa wa Hale, Mnyuzi na Segera, watu kumi au kumi na watano. Mihadhara yaweza kuwekwa katika kompyuta moja mara moja kwa muhula, isihitaji bando la mtu. Wasikilize nusu saa, wabishane saa mbili, kwa Kiswahili, na mhadhiri aje mara mbili au tatu kwa mwaka kusikia ubishi umefikia wapi. Nauli ya basi kutoka Dar es Salaam naijua. Naipanda kila Krismasi na kila Idi, kwa sababu ukoo wetu una dini zote mbili.

Mtu mmoja aliniambia kwamba mpango huu hauna hadhi ya chuo kikuu, unafanana na kisomo cha watu wazima. Sikuona tusi ndani yake.

Mwanafunzi wangu nilimrudishia kazi yake na kumwongezea siku kumi na nne, jambo ambalo mfumo haukulikubali mpaka nilipokwenda ofisini kuomba mara tatu. Alikwenda kwa babu. Mzee ana miaka themanini na ushei na masikio yamekuwa mazito, lakini alipotajiwa korona alisimama kuonyesha kwa mikono jinsi majani yalivyolishwa. Alieleza pia manamba, kwamba watu walioletwa kutoka mbali kwa mkataba walijulikana kwa namba zao, na akaitaja namba ya baba yake, ambayo hakuna mtu katika ukoo aliyekuwa akiijua. Karatasi zilizokuja ni kumi na moja, zimeandikwa kwa mkono, zimepigwa picha kwa simu, nyingine zimepinda, na makosa ya herufi yamo. Maneno 43. Matano kati yake sikuyajua, mimi niliyezaliwa pale.

Hoja ya kufuta vikao haikuamuliwa siku ile. Iliahirishwa mpaka kikao kijacho. Nimekwisha kuzichapa zile karatasi, nakala moja kwa kila mjumbe, na namba ya yule mzee wa manamba nimeiacha katika ukurasa wa kwanza kama ilivyoandikwa.